Sifa za Betri Mbovu

Hakuna ugonjwa unaomtesa mpenda ufundi kuliko kuchoshwa na kitu alichokuwa akikikeshea. Mijini wana dawa zao: mtu akichoka na redio hununua kamera, akichoka na kamera hununua kidege cha kurusha kwa rimoti, na kila mara husema anatafuta changamoto mpya. Huku Mpala, kusini mwa Kalemie, hatuna haja ya kutafuta. Changamoto hutufuata yenyewe kwa boti, imeviringishwa nailoni, ina maneno makubwa ubavuni na roho ndogo ndani. Naizungumzia betri mbovu ya sola. Wapo walioipiga teke. Wapo waliomlaani muuzaji hadi kizazi cha babu yake. Mimi nasimama hadharani kuisifu, maana sijapata mwalimu aliyenifundisha mengi na kunitoza ghali namna hiyo.

Kabla yake nilikuwa mtu wa redio. Haikuwa biashara, ilikuwa starehe yangu ya jioni. Redio za zamani, zile za transista, zilikuwa na adabu. Ukifungua kifuniko unaiona koili ya antena, unaiona swichi ya sauti iliyojaa vumbi, na ugonjwa unakutazama machoni. Unapasha pasi ya kulehemu kwenye makaa, unagusa mguu wa transista uliolegea, redio inakohoa, halafu idhaa ya Kiswahili ya London, iliyoanza kutangaza mwaka 1957, inajaa ukumbini na majirani wanasogeza viti. Baadaye zikaja redio ndogo ambazo kazi yote imekabidhiwa tone moja jeusi la gundi katikati ya ubao. Tone likifa limekufa: halina mguu wa kushika wala waya wa kuufuata. Likiwa zima halikuhitaji. Nikaanza kupiga miayo juu ya meza yangu mwenyewe, na nadhani ningeishia kucheza bao na wastaafu kama kijana mmoja asingeshuka gatini na mzigo wake.

“Mzee, hii orijino,” alisema.

“Orijino ya wapi?”

“Orijino tu.”

Tangu siku hiyo sijapiga mwayo.

Tafakarini, waungwana, jinsi betri nzima ilivyo kitu cha kuchosha. Mchana inapokea, usiku inatoa. Ukiipima alfajiri baada ya kushiba inakuonyesha volti 12.7, kesho 12.7, keshokutwa ileile. Mwenye nayo hana cha kusimulia wala cha kuuliza. Lakini mwenye betri mbovu ana chuo kikuu chini ya meza. Mwaka wa kwanza ni kemia. Utajifunza kwamba Mfaransa Gaston Planté alitumbukiza sahani za risasi katika asidi mwaka 1859, na kwamba tangu hapo sahani hizo zina chuki moja kubwa: kulala njaa. Kila usiku betri inapoachwa tupu, salfati nyeupe hugandamana juu ya risasi, na ikishakomaa, jua lote la kiangazi haliwezi kuibandua. Utajifunza pia kuhusu maji. Sheria inataka maji yaliyokusanywa kutoka mvuke, yasiyo na chumvi yoyote. Sisi tuna Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 mahali pake pa ndani kabisa, na hakuna tone lake linalofaa, kwa kuwa limejaa magnesiamu na lina tabia ya sabuni kuliko ya asidi. Maji yote hayo, na betri inakufa kwa kiu ufukweni! Kwa hiyo utakinga mvua kwa beseni la plastiki, wala si la bati, na mvua ikichelewa utaomba kwa bidii ambayo paroko hakuwahi kuiona kwako.

Mwaka wa pili ni hisabati. Ubavuni pameandikwa ampea-saa 100. Betri halisi ya risasi yenye uwezo huo ina uzito unaokaribia kilo 30, uzito wa kumfanya mwanamume asimame njiani akajidai anasalimia watu. Ile ya kwangu niliibeba kutoka gatini kwa mkono mmoja, mkono wa pili nikila ndizi. Hapo unaanza kugawanya: ikiwa uzito ni theluthi, uwezo je? Na ikiwa mwenye kiwanda aliogopa risasi, wino hakuuogopa hata kidogo?

Mwaka wa tatu ni upasuaji, na hapa lazima niwataje wadogo zake, zile betri za duara za lithiamu zinazokaa ndani ya tochi. Betri bora ya umbo hilo hufika karibu na miliampea-saa 3,500. Sokoni kwetu zimeandikwa 9,900 bila haya. Nilifungua moja taratibu, na ndani ya kopo la chuma nikakuta kibetri kingine, chembamba, kimejibanza katikati. Nafasi yote iliyobaki imeshindiliwa unga mweupe. Unga! Mama watoto aliuchukua kidogo, akausugua kati ya vidole, akatangaza kwamba si wa muhogo. Zaidi ya hapo sayansi ya nyumba yetu haikufika. Lakini fikirini: yupo mtu mahali fulani, kwenye meza yenye taa nzuri, ambaye kazi yake ya kila siku ni kushindilia unga ndani ya betri. Sijui kama naye huchoshwa na kazi yake akatafuta changamoto mpya.

Sifa nyingine nizipitie upesi. Betri mbovu huwalaza watoto mapema. Hupunguza ugomvi wa siasa, maana redio hunyamaza kabla taarifa ya habari haijafika kwenye mambo ya Kinshasa. Huzuia mlango usipigwe na upepo wa ziwa. Ikizeeka kabisa, wengine huyeyusha risasi yake wakapata chubwi za nyavu. Juu ya moshi unaovutwa na watoto wanaochochea moto huo leo tusiseme, leo ni siku ya kusifu.

Kuhusu wavuvi, hata hivyo, nashindwa kuendelea kwa sauti hii. Ndakala, dagaa wa huku, huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa kuwavuta na mwanga. Zamani ilikuwa karabai na mafuta ya taa. Sasa ni balbu ndogo za LED zilizofungwa juu ya mtumbwi, na betri imekaa chini miguuni. Ndakala hana subira. Mwanga ukikata saa tisa usiku, kundi zima linashuka kilindini, na walio mtumbwini wanabaki wakitazamana katika giza walilolinunua wenyewe. Alfajiri moja kijana wa mtumbwi aliniletea betri yake begani, nguo zimelowa, hajalala. “Papa, inakula jua tu, haishibi,” aliniambia. Niliipima. Sahani mbili zilikuwa zimekwisha kitambo, huenda kabla haijavuka bahari. Aliinunua kwa mkopo wa mwenye mtumbwi. Muuzaji, alipofuatwa, alisema mchajiji ndiye aliyekosea. Mwenye mtumbwi alisema deni ni deni. Hapo mimi na kemia yangu, na Gaston Planté wangu, tulikuwa na faida gani kwa mtu yule?

Narudi kwenye sifa.

Betri ya muuzaji wa gatini ni mwanafunzi tu mbele ya betri ya mradi. Ya mradi huja na kibao cha rangi, nembo mbili au tatu, na mheshimiwa mwenye mkasi. Katika zahanati moja ya pwani hii, jina nalihifadhi, tuliletewa paneli juu ya paa na jokofu la chanjo, lile linalotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 bila kupanda wala kushuka. Utepe ulikatwa. Akina mama walicheza hadi vumbi likafunika viatu vya wageni. Ikaundwa kamati, katibu akapewa daftari jipya. Mimi, kwa ushamba wangu, niliuliza betri zikichoka zitabadilishwa kwa fungu lipi. Nilijibiwa kwamba jamii imejengewa uwezo. Betri zilipochoka, kama betri zote zinavyochoka, nilipanda juu na kushuka nikiutafuta uwezo huo tuliojengewa, nikaukuta ni lile daftari. Chanjo zikarudi kusafiri katika visanduku vya barafu. Wenye mradi walipoulizwa walisema kwa upole mkubwa kwamba mradi umefungwa.

Mpala ni mahali pazuri pa kuielewa lugha hii, kwa kuwa kituo chenyewe kilizaliwa hivyo. Mwaka 1876 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliitisha mkutano Brussels, akaanzisha chama chake cha kimataifa cha Afrika. Ukisoma malengo yake, sayansi, ustaarabu, kukomesha utumwa, utadhani ni ombi la ufadhili la wiki iliyopita. Mwaka 1883 Luteni Émile Storms akaja kwa niaba ya chama hicho kujenga boma hapa karibu na mdomo wa mto Lufuko. Mwaka 1885 lilikuwa limekwisha kukabidhiwa Mapadre Weupe, pamoja na lile la Karema ng'ambo ya ziwa. Miaka miwili! Mfalme alikuwa amechoshwa na ziwa letu. Alikuwa amepata changamoto mpya, nayo ilikuwa Kongo nzima. Mapadre walipokea makabidhiano, nadhani bila kitabu cha maelekezo. Tusiseme lakini kwamba Storms aliondoka mikono mitupu: alibeba fuvu la mtemi Lusinga, aliyeuawa na watu wa Storms huyohuyo Desemba 1884, likaishia katika hifadhi ya taasisi moja ya Brussels. Huyo naye hakuombwa maoni kama mnufaika.

Nimesema sana juu ya wanaoondoka. Haki inanidai nimtaje aliyeondoka vizuri. Mwaka 1916 Wajerumani walipoona wanashindwa ziwani, walilazimika kuizamisha meli yao Graf von Götzen karibu na Kigoma. Kabla ya kuizamisha, mafundi wake walizipaka injini grisi nene, mahali pote, ili siku moja fundi aweze kuzifungua tena. Meli iliibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba, na wazee wa pwani za ziwa wamepanda humo na kuku wao. Watu waliozamisha meli kwa makusudi walimfikiria fundi ajaye kuliko waliotuzindulia sola kwa ngoma. Sijaomba mengi. Ningeridhika na chupa moja ya maji ya betri iliyosahauliwa nyuma ya jokofu.

Na hapa uvumilivu wangu, ambao betri mbovu imeulea kwa miaka, unaisha kwa sababu ya ramani. Katika mkoa huuhuu wa Tanganyika, huko Manono, ardhini pamelala lithiamu, mojawapo ya akiba kubwa kuliko zote zinazojulikana duniani. Kampuni ya Australia na ya China zimevutana juu yake hadi kwenye mabaraza ya usuluhishi ng'ambo, mawakili wanalipwa kwa saa, na serikali yetu imo katikati ikitia sahihi na kufuta sahihi. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka nchi hii. Magari ya umeme ya Ulaya yanasubiri vitu vyetu. Na mimi, mwananchi wa mkoa wa lithiamu, nimekaa kwenye kibao nikimwaga unga kutoka ndani ya betri ya tochi! Mtu anayetaka kuniambia hilo ni suala la soko huria aje kwanza aniambie unga ule ni wa nini.

Mwezi uliopita alifika kijana wa mradi mwingine, mpole, fulana safi, kishikwambi mkononi. Alinitafuta kwa sababu aliambiwa mimi ndiye fundi. Nikamwonyesha zahanati, nikamwonyesha betri zilizovimba matumbo, nikamwambia kiasi cha fedha kinachotosha kuzibadilisha, ambacho nakihifadhi kichwani kwa ajili ya wageni kama yeye. Alisikitika kwa dhati. Lakini sola, alinieleza, ilikuwa ya awamu ile. Wafadhili wamehamia sehemu nyingine, sasa kazi ni majiko sanifu yasiyo na moshi, na uzinduzi utakuwa kabla ya mvua. Akaniuliza, kwa heshima zote za mzee, kama nitakubali kuingia kwenye kamati.

Nilimuuliza kama majiko hayo yana betri.

“Ndiyo, mzee. Yana feni ndogo inayopuliza moto.”

Nikamwomba daftari, nikaandika jina langu juu kabisa ya orodha.