Glopu Iliyokuja kwa Miguu

Msafiri Mwingereza Richard Burton na mwenzake Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakaingia Kazeh, yaani hapa hapa Tabora, tarehe 7 Novemba. Siku 134, tena na homa, na wapagazi wanaotoroka usiku. Glopu yangu imetoka Dar es Salaam mwaka huu, wakati mabasi yapo na reli ilishafika hapa tangu 1912. Imetumia siku 151. Na wala haikuugua homa.

Glopu yenyewe ni ya projekta. Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja mtaalamu wa tumbaku kule Urambo. Mzungu alipofungasha kurudi kwao, akamwachia projekta ya filamu za nyumbani, zile za mkanda mwembamba wa milimita 8, pamoja na mkanda mmoja. Mjomba akaitunza kwa desturi zetu: aliiweka juu ya kabati, akaifunika kitambaa cha kufuma, akapiga marufuku mtu kuigusa. Msiba ulipokwisha, binamu zangu waligawana ng'ombe. Mimi nikakabidhiwa "ile mashine".

Mke wangu aliizunguka mara mbili. "Baba watoto, hii inasaga au inakoboa?"

Nilipofungua kifuniko nikajua kwa nini binamu walikimbilia ng'ombe. Ndani mlikuwa na mpira wa kuzungushia, unaotoka kwenye mota kwenda kwenye magurudumu. Umri ulikuwa umeuyeyusha ukawa lami. Lami hiyo haitoki kwa maji wala kwa sabuni. Inachoweza ni kuhama: kwenye gia ikahamia vidoleni, vidoleni ikahamia kwenye kochi, na kwenye kochi ikahamia kwenye ndoa yangu. Niliimaliza kwa spiriti na pakiti tatu za pamba za masikio.

Grisi nayo ilikuwa imekauka ikawa gundi. Nikaikwangua kwa vijiti vya meno, maana ukipeleka bisibisi kwenye kile kidirisha ambamo mkanda unapita, ukakichubua, basi kila mkanda utakaopita hapo utachorwa mistari. Baada ya hapo ni mafuta ya cherehani, tone moja moja. Nimesema tone. Nasisitiza kwa sababu ya shemeji yangu, aliyekuja kusaidia na kumimina kama anakaanga maandazi. Nikaanza upya na pamba za masikio.

Mpira mpya alinipatia fundi redio, aliunyofoa kwenye redio kaseti ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua. Nikafungua kopo la ule mkanda, mke wangu akaita kutoka uani: "Nani anakata kachumbari?" Hakuna aliyekata kachumbari. Plastiki ya filamu hizo ikizeeka hutoa siki yenyewe kwa yenyewe, na nyumba ikanuka achari kwa wiki nzima.

Kilichobaki ni glopu: volti 12, wati 100. Tabora nzima hakuna. Nikampigia mtani wangu wa Kizaramo aliyeko Dar. Wanyamwezi na Wazaramo tunataniana tangu enzi za misafara, na kosa langu lilikuwa kudhani kwamba utani una mipaka. "Kesho inapanda basi," akasema. Alisema hivyo mwezi wa kwanza. Akasema hivyo na mwezi wa pili. Ilipopanda kweli, ikashushwa Dodoma, ikarudishwa Morogoro, ikalala kwa shangazi wa kondakta. Burton alipopita Ugogo alitozwa hongo ya nguo na shanga ndipo aruhusiwe kuendelea. Mimi nilitumiwa ujumbe mara tatu wa "kaka, ya soda". Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za frasila mbili mpaka pwani kwa miguu, mimi nasubiri kitu kinachoingia kwenye kikombe cha kahawa!

Siku ilipofika nikatundika shuka ukutani, majirani wakajaa. Mzee mmoja wa mtaani akawasimulia watoto kwamba Rashidi Kawawa, aliyesoma hapa hapa Tabora, aliigiza kwenye filamu ya Muhogo Mchungu kabla ya kuwa Waziri Mkuu. Watoto wakamtazama kama anayewapanga. Akawaambia pia kwamba Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994. Hapo ndipo waliposema babu amechoka.

Sasa, glopu ya aina hii haishikwi kwa vidole vitupu. Mafuta ya ngozi yakibaki kwenye kioo, pale mahali panapata joto kupita pengine, na kioo kinapasuka. Niliwahutubia wote juu ya jambo hilo. Nikaishika kwa leso, taratibu, nikaichomeka.

Mashine ikalia kama cherehani. Ukutani akatokea mbwa wa Mzungu. Mbwa anakimbia, mbwa amelala, mbwa anakunywa maji; yule bwana alimpenda mbwa wake. Ndipo akaingia Mjomba, amevaa aproni nyeupe, sinia mkononi, mwembamba kama mimi nilivyokuwa kabla ya kuoa. Akageuka kututazama, akaanza kucheka.

Paa! Giza.

Mke wangu akawasha tochi ya simu, akaokota leso, akainusa. "Asali," akasema. Ilikuwa asali ya Sikonge, niliyoilamba jioni ile nikiwa na furaha, kisha nikafuta mikono kwa kitu kilichokuwa karibu.

Mkanda wa futi 50 ni wa dakika kama nne, na sisi tumeona moja tu. Mwenye glopu ya volti 12, wati 100, naomba aje nayo mwenyewe. Asimpe mtani wangu.