Barua ya Wazi kwa Tume ya Taifa ya Bei, Popote Ilipo

YAH: BEI ZISIZOTII AMRI GEITA NA SHINYANGA

Bei za machimboni hazina simile. Dhahabu ikionekana kwenye duara jipya, yaani shimo la kuchimbia, iwe Nyarugusu au Mwakitolyo, watu humiminika kabla ya mama ntilie kuongeza sufuria la pili. Walaji ni wengi, chakula ni kile kile: wali maharage unapanda, na chumba cha mabati nacho kinapanda. Bei ya matimba, magogo ya kuzuia duara lisiporomoke, haina mjadala, maana bila hayo hakuna anayeshuka. Baada ya wiki kadhaa wauza mchele wanafika kwa malori, rashi inapoa, na bei zinashuka bila kikao wala waraka. Huu ni utovu wa nidhamu.

Tume, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, haikuwa na mzaha na mambo kama hayo. Ilipanga bei za bidhaa chungu nzima, na bidhaa zikatii kwa namna yake: zilibaki kwenye orodha, zikatoweka dukani. Sukari na sabuni zilipatikana mlango wa nyuma, kwa bei isiyoandikwa popote. Mwaka 1983 walanguzi wakasakwa nchi nzima; rafu hazikujaa. Mwaka uliofuata wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuingiza bidhaa, nazo zikaanza kurudi. Tume haikupewa hata cheti cha pongezi.

Dhahabu ni kaidi zaidi. Geita ichimbe sana au kidogo, bei ya gramu haitikisiki, kwani huamuliwa na wauzaji na wanunuzi wa dunia nzima. Kinachobadilika ni kiasi kinachobaki mkononi mwa mchimbaji mdogo. Mnunuzi akiwa mmoja tu pale mwaloni mawe yanakosagwa na kuoshwa, tena ndiye aliyekopesha dizeli ya karasha, mashine ya kusaga mawe hayo, mchimbaji hupokea anachopewa na kushukuru. Soko la madini lilipofunguliwa Geita Machi 2019, wanunuzi walikusanywa mahali pamoja na muuzaji akapata pa kuulizia bei kabla ya kukubali. Hapo hakuna aliyeamriwa kuwa na huruma. Wanunuzi wameongezeka tu.

Kwa hiyo Tume ikifufuka, inaombwa ije Katoro, Geita, na lori la mchele wa Kahama, na jingine la matimba. Ikiwa itakuja na orodha ya bei peke yake, inaombwa ibaki huko huko iliko.