H. Juma, Bingwa wa Figo

Mimi natafiti panya. Panya shamba wa Kilosa, yule anayefukua mbegu ya mahindi usiku wa siku ileile iliyopandwa, na jike lake huzaa watoto kumi na zaidi kwa mkupuo. Mkuu wa idara alipotangaza kwamba hapandi daraja mtu asiye na ukurasa wa mtafiti mtandaoni, nikaenda Mikumi, nikachukua chumba kando ya barabara kuu ya Zambia, ambako intaneti haikatiki kila wingu likipita.

Ukurasa ukadai jina la ukoo. Sina. Nina la baba, Juma, na la babu nyuma yake. Majarida nayo hufupisha la kwanza, hivyo Hamisi, Halima na Hassan wote ni H. Juma. Ndiyo maana tangu 2012 kuna namba ya ORCID, tarakimu 16, kila mtafiti na yake. Ninayo. Nikaijaza, ukurasa ukaipuuza, ukaanza kunitafutia makala wenyewe.

Zikazaana kama panya. Vijimakala vyangu vikamezwa na saruji ya madaraja, kodi ya mafuta na, juu kabisa, upandikizaji wa figo. Hapo Mikumi ukigonga twiga hifadhini kuna faini, kibao kinakuonya. Kumbambikia mtu figo, bure.

Nilipofika Kilosa, binamu alikwishapiga picha ukurasa ule na kuurusha kwenye grupu la ukoo. Baba mdogo alikuwa barazani, bahasha ya eksirei kwapani, jogoo aliyefungwa miguu mkononi.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu. Kumbe unatibu figo, unatuficha?”

“Mimi nashughulika na panya tu, baba.”

“Si ndiyo mnaanzia kwa panya?”

Jogoo akabaki.

Usiku nikazifuta makala zisizo zangu, moja moja, kila moja ikiniuliza kama nina hakika. Nikawawazia wale watafiti wa mbegu wa kituo cha Ilonga: mahindi yao ya Staha yalienea mashambani bila ukurasa wowote, na panya wangu wanayajua vizuri mno.

Asubuhi mkuu akapiga simu.

“Juma, mbona umeporomoka? Takwimu zako nimeshazipeleka juu!”

Nikamweleza yote. Akanyamaza, nikasikia akikoroga chai.

“Sasa sikiliza. Zile za figo zirudishe kidogo, mpaka kikao kipite.”