Mwani Haungoji Wenzake: Ajali za Mlaji katika Baa ya Temaki

Temaki ni aina ya sushi inayotayarishwa kwa kutandaza wali uliokolezwa siki, sukari na chumvi juu ya kipande cha nori, yaani mwani uliokatwakatwa, ukasambazwa mwembamba na kukaushwa mpaka ukawa unalia chini ya meno, kisha wali huo ukawekewa samaki mbichi, kaa au tango, ukaviringwa na kukabidhiwa mlaji mkononi. Katika nyumba za Wajapani temaki huviringwa kwa umbo la koni, na kila aliyeketi hujitengenezea yake kwa kadiri ya ustadi na uchu wake. Ilhali katika baa za temaki za Marekani huviringwa mara nyingi kwa umbo la bomba lililo wazi pande zote mbili, jambo ambalo, kama itakavyoonekana, lina athari zake kwa mavazi. Baa hapa ni kaunta ndefu yenye viti upande mmoja na wapishi upande wa pili, wala mlaji mcha Mungu hana haja ya kugeukia mlangoni kwa sababu ya jina tu.

Mfano unaotajwa sana ni KazuNori, mkahawa uliofunguliwa katikati ya jiji la Los Angeles mwaka 2014 na kundi la Kazunori Nozawa, mpishi ambaye tangu 1987 hadi 2012 aliendesha mkahawa mdogo huko Studio City, ambamo tangazo lilimtaka mteja amwamini mpishi. Imani hiyo ina jina lake, omakase, yaani mlaji kumwachia mpishi amchagulie, na katika baa za temaki imepunguzwa mpaka ikawa karatasi ndogo ya kuwekea alama ya vema. Lililobaki bila kupunguzwa ni amri isiyoandikwa popote, kwamba temaki huliwa papo hapo inapopokelewa. Wali hutolewa ukiwa vuguvugu na nori hutolewa ikiwa kavu, na viwili hivyo vikishakutana unyevu huanza kuhama kutoka kwa mwenye nacho kwenda kwa asiye nacho, hata baada ya dakika moja au mbili ule mwani uliokuwa ukikatika kwa sauti huwa umelegea na kugeuka ngozi. Ndiyo maana mpishi huviringa moja, huitoa, hutazama inaliwa, ndipo akaanza nyingine.

Hapo ndipo malezi mema yanapogeuka kosa. Mlaji aliyekulia Tanga, Mombasa au Unguja, akahamia California kwa masomo au kwa kazi, amefundishwa tangu utotoni kwamba mtu haanzi kula kabla ya wenzake, kwamba mkubwa ndiye anayetangulia kunyoosha mkono, kwamba chakula hutanguliwa na bismillahi na kwamba anayepita karibu hukaribishwa hata kama chakula chenyewe hakimtoshi mwenye nacho. Wageni wanne wa aina hiyo wakiketi pamoja kauntani, wa kwanza hupokea temaki yake, huiweka sahanini kwa heshima na kuanza kuwangoja wengine. Wa pili humwambia, "Tangulia wewe, shangazi," na shangazi hujibu kwamba hawezi kula peke yake kama mwizi. Wa tatu huingilia kati kusuluhisha. Na mpishi, ambaye hajui Kiswahili lakini anajua vizuri sana kinachotendeka ndani ya ile nori, husimama mikono ikiwa juu ya ubao, akiitazama kazi yake inavyokufa mbele ya macho yake. Ni vigumu kuamua nani hapo ana haki. Shangazi ana hoja, kwa kuwa ustaarabu wa pwani umejengwa juu ya kungojana. Mpishi naye ana hoja, kwa kuwa mwani haukulelewa pwani hiyo.

Temaki iliyongojewa ina namna yake ya kulipiza kisasi. Meno hushindwa kuikata, mlaji huvuta, nori hunyumbuka badala ya kukatika, na ghafla kila kilichokuwa ndani hutoka kwa mkupuo, hivyo kwamba mlaji hubaki ameuma ganda tupu huku samaki akiwa amelala mapajani pake. Anayebahatika kuikata vizuri upande wa mbele hugundua kwamba bomba lina upande wa nyuma pia, na kwamba kila akiuma kwa nguvu mbele, wali hutafuta njia ya kutokea huku na sosi ya soya hufuata mkono wa shati mpaka kwenye kiwiko. Wanaovaa kanzu nyeupe siku za Ijumaa wangefanya vyema kulipima jambo hili mapema. Kosa la kawaida zaidi ni kuichovya temaki nzima ndani ya kibakuli cha sosi, tendo ambalo huiloanisha nori kwa makusudi baada ya mpishi kutumia ujuzi wake wote kuzuia isiloane, ilhali matone machache yaliyodondoshwa juu ya samaki yangetosha.

Inafaa kueleza kwa nini wapishi huwa na uchungu kiasi hicho kuhusu kipande cha mwani. Kwa karne kadhaa wakulima wa nori nchini Japani walisimika vijiti na nyavu katika maji ya kina kifupi na kungoja mbegu zije zenyewe, bila kujua mmea huo hukaa wapi wakati wa kiangazi, kwa hiyo mwaka mmoja walivuna na mwaka mwingine waliambulia vijiti vyao. Fumbo hilo lilifumbuliwa mbali sana na Japani, na mtaalamu wa mwani wa Chuo Kikuu cha Manchester, Kathleen Drew-Baker, ambaye mwaka 1949 alichapisha katika jarida la Nature ugunduzi kwamba kiumbe kidogo chenye rangi ya waridi kinachoishi ndani ya magamba ya chaza na kombe, kilichodhaniwa kuwa mmea mwingine kabisa, kumbe ni hatua mojawapo ya maisha ya jamii hiyo hiyo ya mwani. Wataalamu wa Japani waliuchukua ugunduzi huo, wakaanza kuotesha mbegu katika magamba, na kilimo cha kubahatisha kikawa kilimo cha uhakika. Bibi huyo alifariki mwaka 1957 bila kufika Japani. Mwaka 1963 wakulima walimjengea mnara wa kumbukumbu huko Uto, kando ya Bahari ya Ariake, na kila tarehe 14 Aprili huadhimishwa hapo. Ni watafiti wachache duniani wanaoadhimishwa na wakulima, na hakuna hata mmoja kati yao anayestahili kuona matunda ya kazi yake yakiloweshwa na mtu anayengoja wenzake.

Mlaji kutoka Zanzibar huwa na mshangao wa ziada, kwa sababu mwani anaujua tangu zamani, ila haujui kama chakula. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza katika pwani ya mashariki ya Unguja mnamo 1989, wanawake wakiwa ndio wakulima wengi, na mazao yake husafirishwa yakiwa makavu kwenda kutoa kiini cha kugandishia vyakula na dawa ya meno. Mwani huo ni wa jamii nyingine, wala hauwezi kugeuzwa nori. Lakini hilo halimzuii mgeni huyo kumweleza mpishi, kwa ishara za mikono na majivuno ya haki, kwamba shangazi zake wameanika tani kadhaa za kitu hiki uwanjani, huku temaki yake ikiendelea kulegea.

Wasabi huhitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ndiyo inayowaangusha hata mashujaa. Hii ni tonge dogo la kijani linalotakiwa kutoka kwenye shina la mmea unaopenda maji baridi yanayotiririka, ingawa kwa sababu ya bei, mikahawa mingi hutoa rojo la mzizi mwingine mkali lililotiwa rangi. Mlaji aliyezoea pilipili kichaa huliona tonge hilo, huchukia udogo wake, na kulila lote kwa mara moja ili kuonyesha kwamba mwambao haukutishwa na jambo. Hajui kwamba ukali wa pilipili hung'ang'ania ulimini na kuongezeka taratibu, na hivyo humpa mtu nafasi ya kujipanga, kuomba maji na kutunza heshima yake, ilhali ukali wa wasabi hupaa kwa mvuke, hupita puani na kufika nyuma ya macho kabla mlaji hajamaliza kusema kwamba haisikii. Machozi humtoka bila idhini. Mpishi akimwona hivyo, huenda akadhani mgeni ameguswa na ubora wa samaki, akainamisha kichwa kwa shukrani. Na mgeni, ambaye hawezi kuzungumza kwa sasa, huinamisha kichwa chake pia. Baada ya nusu dakika ukali hutoweka kabisa, na kwa bahati mbaya ujasiri hurudi.

Kuhusu samaki mbichi, hofu ya wengi huwa kubwa kuliko inavyostahili. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani huelekeza samaki wa kuliwa wabichi wagandishwe kwanza, kwa mfano kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, ili minyoo ife, isipokuwa jodari na aina nyingine chache, kwa hiyo yule anayesifu samaki kwa kudhani katoka baharini asubuhi hiyo huenda anasifu friza. Swali lenye uzito zaidi kwa Mwislamu ni la mirin, mvinyo mtamu wa mchele unaotiwa katika baadhi ya sosi, na wakati wa kuliuliza ni kabla ya kuketi.

Yamebaki makosa madogomadogo: kula tangawizi ya siki kana kwamba ni kachumbari, ilhali kazi yake ni kusafisha ulimi kati ya samaki mmoja na mwingine, au kumwonjesha jirani kwa kumpitishia kipande kutoka vijiti hadi vijiti, jambo linalowashtua Wajapani kwa kuwa ndivyo mifupa ya marehemu inavyopitishwa baada ya mwili kuchomwa.

Kisha huja malipo. Japani hakuna desturi ya bakshishi, lakini kaunta hii iko Marekani, na mhudumu humgeuzia mlaji kioo cha mashine chenye asilimia 18, 20 na 22, akiangalia pembeni kwa adabu isiyomdanganya mtu. Foleni mlangoni imefika kwenye lami, mpishi anafuta ubao mbele ya mlaji, na shangazi, ambaye ndiye anayelipa kwa kuwa ni mkubwa, anauliza kwa sauti iwapo waliongojewa nao wanatozwa. Wapwa zake humsihi kwa kunong'ona abonyeze chochote, naye hubonyeza asilimia 20, si kwa ukarimu hasa, bali kwa sababu namba 18 imefunikwa na kidole chake chenye punje ya wali.