Chagua Dola Lako

Katika riwaya ya George Orwell iliyotoka 1949, dunia imeshikwa na madola matatu ya kiimla: Oceania, Eurasia na Eastasia. Wasomaji wa Ulaya hupenda kubishana ni lipi lina nafuu. Sisi wa Luberizi, huku bonde la Ruzizi, mashariki mwa Kongo, tusisumbuke: hatumo. Orwell alituweka kwenye eneo la kugombaniwa, lenye pembe zake Tangier, Brazzaville, Darwin na Hong Kong. Kazi yetu ni kubadilishiwa mabwana na kuwafanyia kazi. Na madini ya koltani alikuwa hajayasikia!

Hata hivyo, uzoefu wa uimla tunao. Chini ya Rais Mobutu, nchi ilipoitwa Zaire, kila Mzaire alikuwa mwanachama wa chama chake, MPR, apende asipende. Tai ikapigwa marufuku, suti ya abacost, isiyovaliwa na tai, ikashika nafasi yake. 1972 majina ya Kikristo yakafutwa. Kabla ya taarifa ya habari, televisheni ilimwonyesha Rais akishuka kutoka mawinguni (wasio na televisheni walisamehewa muujiza huo). Salongo, kazi ya umma, nayo ilikuwa kujitolea kwa lazima.

Nikibanwa nichague, nitachukua dola lolote lenye kizuizi kimoja tu cha kulipia kati ya hapa na Uvira.