Chokaa, Ndimu na Sindano ya Ng'ombe

Trans Nzoia hakuna adui ambaye watu hawajui dawa yake. Viwavijeshi wakivamia mahindi, pampu inapanda mgongoni. Panya wa stoo ana paka, na paka akizembea kuna sumu. Hata sangari, nyasi ambayo kila kipande cha mzizi ukikikata kinaota upya, mkulima wa Kitale anaimudu: anaing'oa, anaikung'uta udongo, anaianika juani hadi ikauke. Kwa hiyo shemeji alipotueleza kwamba sebuleni kwake kuna mnyama asiye na macho, asiye na mfupa, asiyefika urefu wa kidole, na kwamba mnyama huyo amemshinda, sisi wageni kutoka Bungoma tulitazamana tu. Mtu mzima, ana digrii.

Sebule yenyewe ina habari zake. Shemeji alifanya kazi Mombasa miaka mingi. Wengine wakistaafu kutoka pwani hurudi bara na mbuzi ya kukunia nazi na mkeka. Yeye alirudi na hamu ya bahari, akaijenga upya mtaani Milimani: tangi la kioo, pampu mbili, taa ya buluu inayofanya kila mgeni aonekane kama maiti. Kutoka hapo hadi ufuo wa Bahari Hindi, kwa barabara, ni zaidi ya kilomita 800, na Kitale imekaa mita 1,900 hivi juu ya usawa wa hiyo bahari. Chumvi ya jikoni haifai, kwa kuwa maji ya bahari yana pia magnesi, kalsiamu na madini mengine ambayo ugali hauyahitaji. Hununuliwa chumvi maalumu ya ndoo, gramu 35 kwa kila lita, na bei yake dada huitaja kwa mifuko ya mbolea. "Leo amemwaga DAP mbili humo," huniambia, akielekeza kidevu kwenye kioo.

Halafu kuna baridi. Samaki wa tumbawe wanataka nyuzi 25 au 26 mchana na usiku, na Julai ya Kitale haijui habari hiyo. Kuna hita, lakini stima ikipotea hita ni pambo. Usiku mmoja dada aliamka akakuta blanketi alilopewa siku ya harusi limevishwa tangi, naye mumewe amelala kochini na sweta.

Ndani ya tangi wanakaa samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, ambao watoto wote wa mtaa huwaita Nemo. Hapo ndipo shida ya kueleza ilipoanzia. Kila mtoto aliyeona ile filamu ya mwaka 2003 anajua kwamba Nemo anaishi ndani ya anemoni. Sasa kwa nini Baba anataka kuua anemoni? Shemeji alijibu kwa subira ya mwalimu. Anemoni wa Nemo ni wakubwa, wenye minyiri minene, utawaona ukipiga mbizi kule Watamu, ambako bahari imekuwa hifadhi tangu 1968. Huyu wake ni mwingine, aiptasia. Mwembamba, rangi ya kahawia kama chai iliyochujwa mara ya pili, na Nemo mwenyewe hamtaki. Alijificha kwenye jiwe ambalo rafiki wa Nairobi alimpa shemeji wakati anafunga tangi lake. Leo najiuliza kwa nini yule rafiki alikuwa anafunga tangi.

Alikuwa mmoja, na kwa kweli alipendeza. Dada hata alimsifu. Muda si mrefu jiwe zima lilikuwa linapepea minyiri. Mnyama huyu hana haja ya mwenzi. Anateleza juu ya jiwe taratibu sana, na njiani anaacha vipande vya wayo wake; kila kipande kinakuwa mtoto. Hana haja kubwa ya chakula pia, maana mwilini mwake mna mwani mdogo sana unaotengeneza sukari kwa mwanga, na ndio unaompa ile kahawia. Anakula ile taa ya buluu, taa ambayo shemeji analipia tokeni. Ukimgusa anajivuta shimoni. Ukimkwangua kwa kisu, umempanda.

Shemeji hakujua hilo la kisu hadi baada ya kisu.

Vitabu vya wafugaji vinasema adungwe. Unatafuta sindano, unamdunga kitu kikali mdomoni, anakunjamana na kuyeyuka. Sindano Kitale hazijawahi kuwa tatizo, kila kona ina duka la dawa za mifugo. Tulikwenda pamoja.

"Sindano ya kudunga nini, mzee?" akauliza kijana wa kaunta.

"Mnyama mdogo."

"Kuku?"

"Mdogo zaidi."

Kijana akainama juu ya kaunta kama mtu anayeambiwa siri. "Ana kilo ngapi? Nikupimie dozi."

"Gramu mbili, labda."

"Ni wa kienyeji ama wa gredi?"

Shemeji alifikiri kwa makini, nami nilimwona akifikiri, kisha akasema ukweli: "Amejileta." Mzee aliyekuwa nyuma yetu na gamubuti zenye matope akashauri dawa ya minyoo. Mama mmoja akasema kama mnyama anakonda hivyo basi apewe chumvi ya kulamba. Tulitoka na sindano ya ng'ombe, ncha yake ningeweza kunywea soda.

Ikabaki cha kuweka ndani. Vitabu vinataja chokaa, na hapo tukapata pigo. Chokaa inayouzwa kwa wingi Kitale ni ya shamba, ya kutuliza udongo ulioingia asidi. Hiyo ni mawe ya chokaa yaliyosagwa, kalsiamu kaboneti, kitu kile kile ambacho matumbawe hujengea mifupa yao. Shemeji aliwadunga unga huo jioni nzima, na kulipokucha walikuwa wamesimama wima, wamenawiri, wana sura ya watu waliotoka likizo. Chokaa inayoua ni ile ya fundi wa nyumba, iliyochomwa ikazimwa kwa maji, inayobabua vidole. Ilipopatikana ilifanya kazi, lazima nikiri kwa niaba yake. Ila chokaa hiyo huchafua kemia ya maji, kwa hiyo unatakiwa kudunga wachache, upumzike, uendelee siku nyingine. Shemeji ana hasira za mtu aliyedharauliwa nyumbani kwake. Alidunga bila kupumzika, hadi akina Nemo wakaanza kuhema juu ya maji, na maji kubadilishwa usiku wa manane, DAP nyingine mbili.

Dada akaleta ndimu. Si utani, maji ya ndimu nayo huua, kwa ile asidi. Lakini nyumba ilinuka kachumbari, na mgeni wa kanisa akauliza kama samaki wale wanaliwa wabichi. Maji ya moto nayo huua, na hapo Kitale ilituangusha: kwa mwinuko wake maji huchemka kwenye nyuzi 93 au 94, ndiyo maana maharagwe ya huko huchukua mchana kutwa. Shemeji alitoa maelezo haya kwa urefu, na sindano mkononi, hadi maji yakapoa.

Kisha akaagiza kamba. Kuna kamba wa pepaminti, mwenye mistari myekundu iliyosimama, ambaye hula aiptasia usiku bila kuombwa. Muuzaji akatuma kamba mwekundu mwenye mistari na vitone vyeupe, tena mwenye nundu mgongoni. Nundu ndiyo iliyomchoma. Huyo ni kamba ngamia, binamu anayefanana naye, ambaye aiptasia hamgusi ila matumbawe huyang'ata. Shemeji sasa alikuwa na wadudu wa aina mbili, mmoja amemlipia.

Dawa kamili ipo: konokono wa baharini asiye na gamba, jina lake Berghia, urefu wa kucha ndefu, ambaye maisha yake yote hali kitu kingine isipokuwa aiptasia. Akiwamaliza, anakufa njaa. Shemeji alipoeleza hayo mezani, dada aliweka kijiko chini. "Yaani ununue mdudu ale mdudu, na mdudu akiisha, mdudu afe, halafu mdudu akirudi ununue mdudu?" Hakuna aliyemjibu. Kinachomuumiza shemeji zaidi ni kwamba duniani kuna maabara za vyuo vikuu zinazofuga aiptasia kwa makusudi. Wanasayansi humtumia kuchunguza jinsi matumbawe yanavyoishi na mwani wake na kwa nini hupauka bahari ikipata joto. Wanamlisha. Mishahara hulipwa.

Khocha wetu wa Bungoma, yaani mjomba, alisikia habari hizi kwa njia yake. Yeye ana bwawa la samaki tangu ule mpango wa serikali wa 2009 wa kufufua uchumi, na siku hizi bwawa hilo lina vyura kuliko ngege. Alisikia "halishwi, hafi, anazaa mwenyewe," akapiga simu akitaka mbegu.

Ndiyo maana nilisafiri kwa matatu na kidumu cha lita tano miguuni, ndani yake maji ya chumvi na jiwe lenye minyiri. Kiminini hakukuwa na neno. Kamukuywa jirani yangu alianza kunusa. Kabla ya Webuye kulikuwa na kizuizi, na afisa akafungua mlango, akaona kidumu, maji yasiyoonekana vizuri, na uso wangu. Katika kaunti ya Bungoma dhana ya kwanza kuhusu kidumu cha namna hiyo ni moja tu. Akafungua kifuniko, akavuta pua, akachovya kidole, akakilamba. Sijawahi kuona sura ya mtu ikikata tamaa haraka vile. "Hii ni nini?" Nikasema ni bahari. Abiria wa nyuma wakaniombea msamaha.

Khocha hakusubiri nimalize kueleza. "Mulembe, lete," akasema, akalitumbukiza jiwe bwawani. Mnyama wa maji ya chumvi ukimtia maji baridi ghafla, maji hujaa mwilini mwake hadi chembe zinapasuka. Alipolitoa jiwe kesho yake, halikuwa na kitu ila utelezi.

Sasa Khocha ndiye mganga. Kila asubuhi humpigia shemeji: kitu kilichokushinda na vitabu vyako, maji ya Bungoma yamekimaliza usiku mmoja. Amekataa kusikia habari ya Nemo. Ametuma ujumbe kwamba Jumamosi anakuja Kitale na mitungi minne ya bwawani, na kwamba malipo ni jogoo, si kuku wa duka. Dada ameshanunua jogoo. Pia amenunua kufuli ya mlango wa sebule, na hadi naandika haya hajatuambia ufunguo atampa nani.