Ungo na Wigi la Mvi

Stoo ya vifaa vya tamthilia, Dar es Salaam. Jenereta linanguruma nje. Ungo kaegemezwa ukutani. Wigi la Mvi karudishwa sasa hivi, bado ana joto la kichwa cha mtu.

UNGO: Pole na kazi, shoga. Leo umevaliwa na nani?

WIGI: Binti wa miaka 27. Wamemchora mikunjo kwa wanja, wamempaka poda kwenye nyusi, wakamfunga kanga mbili. Kucha za bandia zimegoma kubanduka, basi kila wakipiga picha anazificha ndani ya kanga kama mwizi wa maandazi.

UNGO: Anacheza kama nani?

WIGI: Bibi. Sini ya nne anamlaani mke wa mwanawe, ya sita anakufa. Picha yake inatundikwa sebuleni, na hapo itaonekana mpaka tamthilia iishe. Picha ina kazi ndefu kuliko bibi mwenyewe.

UNGO: Afadhali huyo, kafia kitandani. Wangu wote wachawi. Mwanamke akishapita hamsini humu ndani atakuwa mama mkwe, au mgonjwa, au atanipanda mimi. Nimeruka usiku mwingi kuliko rubani, na sijawahi kuvuka Mbagala.

WIGI: Na mwanamume mwenye mvi zake?

UNGO: Huyo mkurugenzi! Ana kampuni, ana Prado, ana mchumba aliyesoma darasa moja na bintiye. Mvi za baba hekima, za mama uchawi.

WIGI: Usidhani ni hapa tu. Nina ndugu yangu Marekani, alikaa kichwani mwa Estelle Getty kwenye tamthilia ya The Golden Girls, kuanzia 1985. Getty alicheza kama mama mzazi wa Bea Arthur. Sasa sikia: Getty kazaliwa 1923, Arthur 1922.

UNGO: Mtoto kamzidi mama?

WIGI: Mwaka na ushee.

UNGO: Kumbe uchawi wenyewe uko huko!

WIGI: Ila wale wanawake wanne wa The Golden Girls walikuwa na nyumba yao, wachumba wao, vijembe vyao, na keki usiku wa manane. Misimu saba NBC, na wote wanne wakabeba Emmy. Hakuna aliyewekwa pale akohoe tu ili mwanawe apate kuoa. Na Angela Lansbury je? Alianza tamthilia ya Murder, She Wrote mwaka 1984 ana miaka 58, akafumbua mauaji misimu 12.

UNGO: Hapa wangeniegemeza mlangoni kwake kipindi cha kwanza tu. Bibi atajuaje nani kaua kama hakuwepo usiku?

WIGI: Kwa jirani pia wapo. Mama Kayai wa Vitimbi, KBC, aligombana na Mzee Ojwang miaka na miaka, na hadithi ikaenda bila yeye kuzikwa.

UNGO: Mwongozaji wetu anasema watazamaji hawataki wazee.

WIGI: Na saa tatu usiku rimoti anashika nani? Si mama mwenye nyumba? Watoto wako kwenye simu, baba yuko kwenye mpira kijiweni.

(Sauti nje. Mama wa miaka 61, mwigizaji wa jukwaani tangu ujana wake, kaja kuomba nafasi ya bibi.)

MWONGOZAJI: Shikamoo mama. Tatizo, wewe hujazeeka inavyotakiwa. Umenyooka mno, na sauti yako inafika mpaka barabarani. Ila usiondoke, mfundishe huyu binti kukohoa. Nauli utapata.

WIGI: Umesikia? Nauli!

UNGO: Nyamaza, anakuja.

(Msaidizi anaingia, anamshika Ungo, anampuliza vumbi.)

UNGO: Haya shoga, mie naruka. Leo sijui namwangamiza nani.

MSAIDIZI: (akiita nje) Nimeupata! Mwambie mpishi alete mchele tupepete.